Kofia ya Msumeno

Wateja wangu hapa Kabuga wanasema nina kiburi. Mtu anaingia karakana, anasalimia kwa sauti, ananyoosha mkono, na mimi wala simtazami. Namaliza ubao wangu, nazima mashine, nasubiri msumeno usimame kabisa, navua miwani, nafuta mikono kwenye aproni, ndipo namwendea nikampa mkono mzima, kiganja na vidole vyote vitano. Wakati huo wengine wameshanuna. Kuna mama mmoja alikuja kuagiza kitanda, akaondoka akimwambia jirani kwamba yule fundi wa kike amelelewa vibaya. Hilo liliniuma, maana aliyenilea ni mama yangu, na sijaona mtu aliyesalimia watu kwa moyo kama yeye.

Kumweleza kila mteja siwezi. Nina kazi, na hasira zangu ziko karibu. Basi nitaeleza hapa, mara moja.

Sisi ni Wanyarwanda wa kurudi kutoka ukimbizini. Mimi na kaka yangu tulizaliwa Tanzania, upande wa Karagwe, tukaja Kigali tayari tumeshaota meno ya kubishana. Kaka alikuwa amejifunza useremala kule, na mimi nikajifunza kwake, kwanza kwa kumshikia mbao, baadaye kwa kumpinga. Mama alipata kiwanja kidogo Masaka, si mbali na hapa, akapanda migomba na kufuga ng'ombe mmoja. Sisi tukafungua karakana Kabuga, karibu na barabara ya mashariki, tukiwa na mashine ya randa na msumeno wa meza ambao kaka aliununua kwa fundi aliyekuwa anafunga kazi. Aliupenda msumeno ule hadi mama akawa anamuuliza kama atauvalisha pete.

Kwa kila kitu kaka alikuwa mtu wa masihara, isipokuwa kwenye mashine. Pale alikuwa mkali kuliko mwalimu wa hesabu. Usivae glavu, kwa sababu jino la msumeno likikamata kitambaa linavuta na mkono. Nywele, skafu, kamba za aproni, vyote vifungwe. Usisimame nyuma ya ubao, simama kando, ili ukirushwa usikupate tumboni. Ncha ya mwisho ya ubao isukume kwa kijiti, si kwa vidole. Chomoa waya kabla ya kugusa jino. Halafu kuna kofia.

Kofia ndiyo tuliyoiita ile kinga ya chuma inayokaa juu ya meno ya msumeno. Ubao unapita chini yake, mkono haupiti. Ukiteleza, utajigonga kwenye chuma, utatukana, utaendelea na kazi. Iko kazi moja tu inayokulazimu kuivua: kuchimba mfereji kwenye ubao, kama ule unaoshika kitako cha droo, maana hapo jino halitokezi juu. Amri ya kaka ilikuwa fupi. Aliyeivua ndiye atakayeirudisha, kabla hajaenda hata kunywa maji.

Sasa nieleze na jambo jingine, ambalo kaka hakulitungia amri yoyote. Huku kwetu mtu mwenye mikono michafu hakunyimi salamu. Anakupa kifundo cha mkono. Mchinjaji, mama anayefua, fundi mwenye gundi hadi kwenye kucha, wote wanakunja kiganja na kukunyooshea kifundo, unakishika, mmesalimiana, maisha yanaendelea. Mafundi tulifanya hivyo mara nyingi kwa siku, mashine ikiunguruma. Mkono mmoja kwenye ubao, mwingine kwa mgeni. Hakuna aliyeona kwamba hiyo ni hatari. Tuliona ni adabu.

Jumatatu moja nilikuwa nachimba mifereji ya droo za kabati. Nilivua kofia, nikaiweka kwenye rafu, kando ya kopo la gundi. Nilipomaliza droo ya mwisho mvua ikaanza kupiga bati, nikakimbia nje kuokoa mbao zilizokuwa zinakauka. Niliziingiza zote, nikalowa, nikacheka na kaka, tukafunga. Hakuna aliyenishughulisha na sikuwa mgonjwa. Nilisahau tu.

Jumanne asubuhi kaka alikuwa anachana ubao wa mkaratusi, mgumu na mzito. Mimi nilikuwa dirishani napiga msasa droo, mgongo wangu ukielekea kwenye mashine. Mama akaingia. Alikuwa ametoka Masaka na kidumu chake cha maziwa ya mgando, kama alivyofanya kila wiki.

“Mwaramutse, bana banjye!” alituita. Ndiyo salamu yake ya asubuhi kwetu wanawe, kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya kushinda mashine.

Akanyoosha mkono kwa kaka. Kwetu huwezi kuuacha mkono wa mama yako unaning'inia. Kaka akatoa mkono wa kulia kwenye ubao, akakunja kiganja, akampa kifundo huku akitabasamu. Mkono wa kushoto peke yake haukuutosha ubao ule. Ubao ukapinda, ukaruka. Kaka, macho bado kwa mama, akarudisha mkono wa kulia haraka kuukandamiza, mahali ambapo siku zote palikuwa na chuma.

Nilipogeuka mama alikuwa ameshika kifundo kile kile cha mkono, na kidumu kimeanguka, na maziwa yanasambaa sakafuni na damu. Kaka alipoteza vidole vitatu, cha kati na viwili vinavyofuata. Vilibaki gumba na cha shahada.

Hospitali, kwenye benchi la ukumbini, mama alijipiga kifuani. “Ni mimi. Ni mimi nilimnyooshea mkono. Ningengoja kidogo tu. Kwa nini sikungoja?” Watu wasiotujua wakawa wanamtuliza. Nilifungua kinywa nimwambie. Nakumbuka kabisa kwamba nilikifungua. Kisha muuguzi akauliza kadi ya bima ya kaka, na kadi ilikuwa karakana, nikasema naifuata.

Nilipofika nikaiona kofia kwenye rafu, kando ya kopo la gundi, ilipokuwa tangu jana yake. Sikufikiri. Au nilifikiri haraka sana. Niliichukua, nikaifunga mahali pake, nikakaza na skrubu, nikachukua kadi, nikatoka. Majirani walipokuja kuchungulia jioni waliiona. “Hata kofia iko,” wakaambiana. “Ni ile salamu tu.”

Siku mbili baadaye mama alikuja kuosha karakana. Nilimkatalia, akanisukuma kando. Alipiga magoti, akasugua sakafu, akapanda miguu ya meza, akafika juu. Kwenye kofia alisita. Haikuwa na doa. Meza yote ilikuwa na damu iliyokauka, na kofia inang'aa. Nikasema moyoni, haya, ameona, imekwisha, na nusu yangu ilifurahi. Lakini mama aliipangusa vile vile, pole pole, pande zote mbili, akasonga mbele.

Tangu hapo hakumpa mtu mkono. Alisalimia kwa maneno, mikono ikiwa chini ya kitenge. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, aliinamisha kichwa na kufumbata vidole, na wenzake wakadhani ana ugonjwa wa ngozi. Karakana hakukanyaga tena. Maziwa aliyatuma kwa mtu wa moto, pikipiki ya kukodi, kidumu kimefungwa kwa mpira kwenye kiti cha nyuma. Wajukuu wa jirani walipomkimbilia alirudi nyuma hatua moja, yeye aliyekuwa akimkumbatia hata mtu aliyekuja kumdai kuku aliyepotea.

Miaka sita niliona hayo. Kaka alijifunza kushika penseli kwa vidole viwili, akawa ndiye anayechora, anayepima na kuzungumza na wateja. Mashine nikachukua mimi. Nikawa mkali kumshinda yeye. Nilichora mstari mwekundu sakafuni, na anayeuvuka mashine ikiwaka namfukuza kwa macho. Nikaacha kusalimia. Watu waliona ni kwa sababu ya uchungu wa kaka, wakanihurumia, na huruma yao iliniudhi. Kila Jumapili nilikwenda Masaka nimwambie mama, na kila Jumapili nilirudi nimemwambia habari za mvua.

Kiangazi kilichopita mama akalala kitandani na daktari akatuambia tusitegemee mengi. Siku hiyo nilizima mashine nikamwita kaka nje, penye mbao, nikamwambia yote. Rafu, mvua, skrubu. Nilitaka anitukane.

Kaka alikuna shingo kwa kidole chake cha shahada. “Niliona iko wazi,” akasema.

“Uliona nini?”

“Msumeno. Asubuhi ile. Niliona haina kofia. Nikasema nachana huu ubao mmoja, halafu nitairudisha.” Akatazama chini. “Mimi mwenyewe na amri zangu. Halafu narudi kutoka hospitali naikuta imefungwa. Nikajua ni wewe. Nikaona hutaki ijulikane, na mimi pia sikutaka.”

Kwa hiyo tulikuwa wawili. Watoto wake wawili, kila mmoja anamlinda mwenzake na kujilinda mwenyewe, na mzigo wote tumemwachia mama. Nililia pale penye mbao bila kujificha. Kaka hakunibembeleza, na alifanya vizuri.

Tulikwenda Masaka mchana ule ule, kila mtu kwenye moto yake. Mama alikuwa ameegemea mito miwili, amekonda, macho yako wazi. Mikono ilikuwa chini ya kitenge. Nikakaa kwenye kigoda, nikasema. Safari hii nilisema bila kupumua, na nilipokwama kaka aliendeleza.

Mama alisikiliza hadi mwisho.

“Kofia ilikuwa iko kwenye etajeri,” alisema, akiiita rafu kwa neno la wazee wa mjini.

“Ndiyo, mama.”

“Na hamkusema miaka yote hiyo.”

“Hatukusema.”

Alitabasamu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira na kwa machozi. Kwa tabasamu sikujiandaa.

“Muko watoto wazuri,” alisema. “Mumekaa chini, mumepanga, ili mukecuru wenu, huyu mama mzee, aende na roho nyepesi.”

“Mama, hatukupanga,” kaka alisema. “Iko kweli.”

“Kofia ilikuwa iko kwa msumeno. Majirani waliona. Nami niliona kwa macho yangu, siku ile niliosha damu.”

Nikashika ukingo wa kitanda. “Mama, kumbuka ilivyokuwa. Ilikuwa safi. Meza yote ilikuwa na damu, kofia haikuwa na hata tone. Ulisita pale. Nilikuona.”

“Nakumbuka, mukobwa wanjye.” Aliniita binti yake, akanitazama kwa upendo ambao sikuustahili. “Uliifuta, kabla sijafika. Kusudi nisione damu ya mwana wangu pale. Siku zote nilitaka kukuambia asante.”

Nilikuwa nimebakiwa na ushahidi mmoja tu duniani, na mama alikuwa ameugeuza kuwa wema wangu.

Kisha akautoa mkono wake chini ya kitenge. Haukumwelekea mtu, aliuweka tu juu ya shuka, kiganja juu, na kaka akaelewa, akaweka ndani yake mkono wake wa vidole viwili. Mama aliufunika kwa mkono wa pili. Akapitisha kidole gumba juu ya makovu, moja, la pili, la tatu.

“Mbabarira, mwana wanjye,” alimwambia. Unisamehe, mwanangu. Miaka sita hakuwahi kuyatamka maneno hayo, kwa sababu miaka sita hakuna kati yetu aliyeigusa habari ile. Sisi ndio tuliomfungulia mlango.

Kaka alinitazama. Nilitikisa kichwa, asikubali, asithubutu. Alimtazama mama tena.

“Ndakubabariye, mama,” alisema. Nimekusamehe.

Mama alifumba macho kama mtu aliyetua ndoo. Nilimchukia kaka kwa dakika nzima. Baadaye, njiani, alisimamisha moto yake kando ya yangu akaniuliza ningesema nini kama ningekuwa mimi.

Tulipoaga mama alinipa mkono na mimi. Nilikuwa nimeoga na kujisugua kabla ya kwenda, lakini nilikunja kiganja bila kujua, nikampa kifundo. Alikataa. Alikunjua vidole vyangu kimoja kimoja, vyote vitano, akavishika.

“Asante kwa kuja,” aliniambia. “Na kwa huo uongo wenu mzuri.”