Mabasi ya Mlima wa Theluji

Tajiri aliponiuliza kama naweza kwenda Japani badala ya shemeji yangu, nilijibu ndiyo kabla hajamaliza swali. Nilipaswa kukataa. Kazi ya kwenda kuchagua mabasi ilikuwa ya fundi, na fundi alikuwa shemeji, kaka wa mke wangu, aliyetengeneza magari Makambako tangu enzi ambazo ukitaka spea unaandika barua na kusubiri mwaka. Mimi nilikuwa karani wa duka la spea la tajiri huyohuyo. Ila nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na Kiingereza cha kujitetea. Yeye aliishia darasa la saba.

"Fundi anajua gari," tajiri alisema, "lakini Wajapani ataongea nao kwa spana?"

Tulicheka wote, hata shemeji mwenyewe. Ningeweza kusema pale kwamba gari halisomi Kiingereza. Nilikaa kimya kwa sababu nilitaka kupanda ndege.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalianza kujaa, na mtu aliyekuwa na lori moja aliota kuwa na matatu. Tajiri alikuja kwetu kutoka Tanga akiwa kijana, akaoa na kuzeekea hapa, na ndoto yake ilikuwa mabasi madogo mawili ya kwenda Njombe, na siku moja hadi Manda, ziwani. Kuna mtu alimwambia kwamba hoteli za milimani Japani huuza mabasi yake yakiwa bado na nguvu. Yeye akaona ni akili kubwa: basi lililozoea mlima na baridi lije kwenye mlima na baridi.

Asubuhi ya safari shemeji alinisindikiza stendi, mikono yake imekwishaingia oili.

"Shemeji, rangi itakudanganya, injini nayo itakudanganya. Wewe lala chini uangalie tumbo."

"Nitalala."

"Wewe? Na tai hiyo?"

"Nitaivua."

"Haya. Ukirudi na basi bovu, dada yangu namchukua."

Huo ulikuwa utani wetu wa kila siku. Nilipanda nikicheka.

Watu wa Njombe tunajidai kwamba baridi tunaijua. Tumekua tukiona sakitu, ule umande ulioganda, imeunguza viazi asubuhi, na mimi nimewahi kulala Ipelele, kule Makete, ambako hata mbwa hatoki nje kabla ya jua. Kwa hiyo nilibeba sweta mbili, koti la tajiri na suruali ya suti, nikaona nimejipanga. Huko Japani, gari la kampuni iliyotuuzia mabasi lilipopanda mlima wenye hoteli, nikaona nyumba zimezikwa na theluji hadi madirishani, nilijua kwamba sikuwa najua chochote.

Mahali penyewe hapakuwa pakubwa. Palikuwa na hoteli moja ya ghorofa nne na mgahawa uliouza wali wenye mchuzi mzito wa kahawia, kisha miteremko mitatu au minne myeupe iliyokatwa katikati ya misitu ya miti kama misonobari yetu. Waya mnene ulipanda hadi kileleni, nao umening'iniza viti vya watu wawiliwawili. Watu walikaa huko juu miguu ikining'inia, wamefungwa mbao ndefu miguuni, wakifika juu wanateremka wenyewe kwa kuteleza, kisha wanapanga foleni wapande tena. Bibi mmoja wa umri wa mama yangu alinipita kwa kasi, akasimama hatua mbili kutoka nilipo bila hata kuyumba, akainamisha kichwa kunisalimu. Nami kwa kuchanganyikiwa nikamjibu, "Kamwene," kama niko sokoni Njombe. Alifurahi sana. Nilimpenda yule bibi, na nilipapenda pale. Muziki wa vipaza sauti, harufu ya supu, na watoto wanaoanguka na kuinuka bila mtu kuwapigia kelele, vyote vilinifanya nijione mtu mkubwa aliyefika mbali.

Nilikuwa na mkalimani, mama wa makamo kutoka kampuni ya kuuza magari. Tukiwa njiani tulipishana na lori lililomwaga vitu vyeupe barabarani. Nikamuuliza ni nini.

"Chumvi," alisema. "Inayeyusha barafu."

Nilichowaza ni utajiri wao tu. Kwetu chumvi ilinunuliwa kwa kipimo, na ng'ombe walilambishwa kidogokidogo. Watu hawa wanaimwaga barabarani. Sikuwaza hata kidogo kwamba chumvi hiyo hutafuna chuma.

Mabasi yalikuwa kwenye banda nyuma ya hoteli, mikononi mwa mzee mmoja mwembamba aliyevaa viatu vya mpira. Tulimkuta anaosha basi kwa maji ya moto, analiosha chini, si juu. Nikamwambia mkalimani kwamba huyu mzee ni msafi kupita kiasi, na yeye akatabasamu kwa adabu. Mabasi mawili ya kuuzwa yaling'aa. Niliwasha injini moja baada ya nyingine, zikanguruma vizuri. Nikakaa kwenye viti, nikafungua na kufunga milango.

Mzee alizima maji. Alileta tochi na kipande cha boksi, akakitandika sakafuni kando ya gurudumu, akanionyesha kwa mkono: karibu.

"Anasema ulale uangalie chini," mkalimani alisema. "Anasema ni muhimu."

Sakafu ilikuwa na maji. Mlangoni wamesimama wafanyakazi wanne wa hoteli, wamekuja kumtazama mgeni kutoka Afrika. Nilikuwa na tai. Kwetu anayelala chini ya gari ni fundi; mwenye kalamu husimama. Hilo hakuna aliyenifundisha darasani, lakini ndilo nililolishika kuliko yote niliyofundishwa.

"Mwambie asijali," nilisema. "Nimesikia injini."

Mzee alisema tena, maneno marefu zaidi.

"Anauliza kama una hakika."

"Nina hakika."

Alinitazama kidogo, akaokota boksi lake, akalikunja. Nikatia saini.

Mabasi yalifika Makambako yakiwa yamepakwa rangi nzito nyeusi chini, nene kama lami, kazi iliyofanywa huko bandarini kwao kabla ya kupakiwa melini. Shemeji aliingia chini ya la kwanza, akagongagonga kwa bisibisi, akatoka akijifuta.

"Wamepaka sana huku. Shemeji, ulilala chini?"

Tajiri alikuwa amesimama pale pamoja na watu wa duka zima.

"Nililala," nilisema.

"Ulionaje?"

"Safi."

"Basi sawa," alisema, akanipiga begani.

Yalifanya kazi miezi saba. Kisha asubuhi moja ya mvua lile la pili liliingia gereji springi imevunjika. Magogo ya kuegemeza yalikuwa chini ya lori jingine. Shemeji akapiga jeki, akaliinua, akaingia chini. Chuma alichokiegemeza kwenye jeki kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kubaki rangi tupu. Jeki ilipenya kama inapenya mkate, na basi likamshukia mgongoni.

Hakufa. Alikaa hospitali muda mrefu, akarudi Kitandililo kwenye nyumba yake akiwa hana miguu ya kusimama. Alikuwa amefiwa na mke, kwa hiyo mke wangu akawa anakwenda kila siku kumwogesha na kumpikia, anarudi jioni.

Nilikaa na uongo ule wiki nyingi. Siku niliyokwenda kumweleza shemeji, alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama kweli mzee wa watu alitandika boksi.

"Alitandika."

"Alikuwa fundi huyo," alisema. Kisha akaniomba nimgeuze upande, amechoka kulalia mmoja. Hajawahi kunitukana hadi leo.

Jioni nilimweleza mke wangu. Alikuwa anamenya viazi.

"Alikuuliza, ukamwambia ulilala?"

"Nilimwambia."

Akaendelea kumenya. Vilipoiva akanipakulia, akala kidogo. Asubuhi alikwenda Kitandililo kama kawaida, safari hii na sanduku lake na watoto wetu. Nilimfuata mara nyingi. Alinikaribisha, alinipa chai, hakunisema vibaya, na hakurudi. Wanangu walikulia kule, kwa mjomba wao.

Tai na kidato cha nne nilibaki navyo. Siku kumi na mbili za Japani zilimgharimu shemeji miguu na kazi yake, na mimi zilinigharimu mke wangu. Tangu hapo nimeishi peke yangu.