Picha ya Aliyelala Darasani

Leo nimeumbuka mbele ya kidato cha pili.

Nilikuwa nafundisha matumizi ya mtandao. Nikasema kwa ukali: usirushe picha ya mtu bila ruhusa yake.

Binti mmoja akasimama.

"Samahani, Madam. Ile picha yangu nimelala darasani, uliyoweka status, uliniomba?"

Walimu wenzangu, mngejibu nini?

Siku ile alikuwa ameamka alfajiri kumsaidia mama yake kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani. Mimi nikampiga picha amesinzia, nikaiweka na vikatuni vya kucheka. Mtu akaichukua, ikafika mpaka grupu la kwaya la mama yake.

Nikamwomba radhi palepale.

Baadaye nikamwomba ruhusa ya kuandika haya.

"Andika, Madam. Ila picha weka yako."