Mguu Uliokesha

Mwaka wa korona nililazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Ndiyo, akili, msinionee haya, mimi haya yangu nimeshaimaliza. Nilikuwa naihubiria mipunga huko kwetu Makwale, Kyela, ndugu zangu wakanikamata. Sijakaa sana wodini, korona nayo ikanifuata humohumo.

Dawa zilinilegeza, homa ikanimalizia. Nikawa mtu wa godoro. Nesi wetu, binti wa Tanga, hakupenda kabisa.

"Mama, amka utembee, unywe na maji. Ugonjwa huu unaweza kugandisha damu, na wewe kulala hivyo ndiyo unausaidia."

"Damu yangu ya Kyela, bwana. Kule joto, haigandi!"

Wagonjwa wenzangu wakacheka mpaka wakakohoa.

Ili anipate, alijifunza salamu ya Kinyakyusa, lugha yangu. Kila asubuhi: "Ugonile?" Mtu mzima husalimiwa "Mugonile", lakini nilimsamehe, atajuaje? Neno lenyewe ni kama kuuliza umelala, ila ni salamu tu, hakuna anayeuliza usingizi. Mimi nilivuta shuka hadi kidevuni.

"Ee, nimelala. Si umeniuliza mwenyewe?"

Akaondoka akisonya. Jamani, nilifurahi!

Kisha kigimbi cha kushoto kikaanza kuuma. Kikavimba, kikawa cha moto. Nikamwambia daktari mguu mmoja umenenepa umemwacha mwenzake. Akatabasamu, akasema mawazo hayo yatapungua nikiendelea na dawa. Hapo nikaogopa kweli. Kichaa tena mpenda utani, nani angeniamini? Usiku kucha niliushika ule mguu nikilia.

Asubuhi nesi akapita, midomo tayari kwa kusonya.

"Ugonile?"

"Sijalala," nikasema.

Akasimama. Akarudi, akafunua shuka, akashika kigimbi kimoja, akashika na cha pili. Alitoka mbio.

Kipimo kilionyesha damu imeganda mguuni. Ingechomoka ikapanda kwenye mapafu, walisema, ningekufa. Nikaanzishiwa sindano za tumboni za kuzuia damu isizidi kuganda, na kila nikichomwa nilimtukana yule binti, naye akacheka, akaniambia nikiweza kutukana naweza kutembea.

Sasa niko nyumbani. Majirani wakinikuta nimekaa barazani wakasema "Mugonile?", nasimama kwanza, nazunguka uwanja, ndipo naitikia. Wanatazamana. Wanadhani sijapona.