Mizunguko Kumi na Moja na Punje Arubaini

Mimi ni mtu wa maneno mengi, sikatai. Kulsumbai, mke wangu, husema siku nitakayokufa ulimi wangu utazikwa kesho yake. Lakini upo usiku mmoja ambao lau Mungu angeniziba mdomo ningemshukuru mpaka leo. Ni usiku wa kuhesabu kura, Disemba ya mwaka tisini na saba, mvua ya Elnino haijatuacha na Ramadhani iko mlangoni. Nausimulia kwa sababu wako watu hapa Kuze ambao hadi leo wanamsema vibaya Bi Sheikha. Wanamsema bure. Mwenye kosa ni mimi, Akbarali, muuza uzi na vifungo.

Bi Sheikha nyumba yake ni ya tatu kutoka dukani kwangu. Mjane, mwembamba, anashona kofia kwa mkono, tundu moja moja. Papara hana. Akija kununua uzi atautoa nje kwanza auangalie juani, mimi nachemka nyuma ya meza. Nikimwambia uzi ni ule ule wa juma lililopita, hujibu kwamba atakayeuvaa kichwani si mimi. Halafu anaurudisha, anaomba mwingine. Ishirini na kitu miaka ananifanyia hivyo, na sijawahi kumwona akishona kofia ya kurudiwa.

Alijaliwa mtoto mmoja tu, Barke. Homa ilimchukua akiwa na miaka tisa, akazikwa katika makaburi madogo ya ukoo nyuma ya madrasa, pale ukuta wa mawe ulipobomoka upande mmoja. Kila Alhamisi alasiri Bi Sheikha huenda kumsomea. Iwe jua, iwe mvua, atapita mbele ya duka na buibui lake na tasbihi mkononi, na mimi hujua saa bila kutazama saa.

Mwaka huo akatokea tajiri mmoja, jina lake silitii mdomoni mwangu, akaja na barua kwamba kiwanja kile cha makaburi amepewa yeye, atajenga ghala. Vigingi vikapigwa. Kimoja kilipigwa hatua mbili kutoka kichwani kwa Barke. Diwani wetu alikuwa Jaffar. Wazee walipomwendea alisema barua ni barua, yeye hawezi kitu. Basi Mwalimu Abdulhalim wa madrasa akasimama kumpinga Jaffar katika udiwani, na alisimama kwa jambo hilo moja: akishinda, ataipinga barua ile kwenye baraza la madiwani mpaka ifutwe. Tukamjua hasemi uongo, tukawa naye.

Bi Sheikha, ambaye siasa hakuwahi kuitamka, alijifunga buibui akaenda kwa Abdulhalim kumwambia anataka kuwa wakala wake kwenye kuhesabu. Mwalimu alimuuliza kwa adabu kama ataziweza hesabu za kalamu. Akasema haziwezi. Akatoa tasbihi yake, akasema kwa hii hajawahi kukosea tangu aolewe. Abdulhalim alifikiri kidogo, akakubali, kwa kuwa mtaani petu ukimtafuta mtu asiyenunulika unaanzia kwake.

Utaratibu wa siku zile ulikuwa hivi. Masanduku yote yanapelekwa kwenye ukumbi mmoja, mawakala wanafungiwa ndani, karani anainua karatasi moja moja na kutaja jina. Kwanza Rais, kisha mbunge, diwani mwisho. Bi Sheikha kazi yake ilikuwa kura za Abdulhalim tu: likitajwa jina lake, anasukuma punje moja, tasbihi ikizunguka yote, anafunga fundo katika ncha ya mtandio. Za Jaffar zilihesabiwa na wakala wake mwenyewe kwa kalamu, mtu wa majivuno, akizitangaza kila mara kwa sauti ya mwadhini. Nje ya dirisha alisimama Kazungu, Mgiriama, fundi wa majokofu ya samaki kule Liwatoni, mpangaji wangu chumba cha nyuma. Akisikia kitu ndani, anakimbilia simu ya kibanda na kunipigia mimi dukani. Mimi naandika kwenye ubao. Wote tuliona tumepanga mambo.

Usiku ule baraza la duka langu lilijaa watu mpaka katikati ya njia. Redio ilikuwa inasoma matokeo ya huko bara, ya wakubwa, na hakuna aliyekuwa na habari nayo, mwisho nikaizima. Sisi tulikuwa tunangoja kura za mitaa mitatu. Kulsumbai alikuwa akimimina kahawa, akinilaumu mimi kwamba naitazama simu kwa jicho baya.

Saa nne simu ikalia. Kazungu, anahema. Bi Sheikha amepita dirishani, amesema mizunguko minne. Nikaandika mia nne. Jaffar mia nne na thelathini. Watu wakaguna. Saa tano na nusu: mizunguko saba na punje ishirini. Nikaandika mia saba na ishirini. Jaffar mia saba na arubaini. Tumesogea! Mtu akanipiga mgongoni mpaka miwani ikanivuka. Saa sita na nusu mvua ikashuka, na badala ya watu kwenda zao walibanana chini ya kibaraza, wote masikio kwenye simu.

Saa saba na robo simu ikalia tena. Kazungu akasema masanduku yamekwisha. Jaffar, wakala wake ametangaza, elfu moja mia moja thelathini na tatu. Nikauliza, na wetu? Akasema Bi Sheikha amemwambia mizunguko kumi na moja na punje arubaini. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaandika kwa chokaa, tarakimu kubwa kama mlango: elfu moja mia moja na arubaini.

Saba zaidi! Jamani, mlango ulitaka kung'oka. Watu wazima walilia. Taib, mchoma mikate, mtu asiyecheka hata siku ya Idi, alinikumbatia mvuani. Mimi mwenyewe, mbele ya Kulsumbai, nilisema makaburi yamepona, Barke atalala salama. Nililisema hilo kwa sauti, na kila mtu alilisikia.

Nusu saa baadaye simu ililia mara ya mwisho, na sauti ya Kazungu ilikuwa imebadilika. Msimamizi wa uchaguzi amesoma. Jaffar elfu moja mia moja thelathini na tatu. Abdulhalim elfu moja mia moja ishirini na tisa. Tumeshindwa kwa kura nne.

Nilisimama na chokaa mkononi. Kisha pale ubaoni nikatoa hesabu ya msimamizi kwenye yangu, nikasema, na ningekatwa ulimi kabla sijasema: kura kumi na moja zimeibiwa.

Hapo hapakuwa na mtu wa kuzuia mtu. Baraza lote liliondoka, na mimi mbele yao, ubao kwapani, mvua inatupiga usoni. Njiani kila kichochoro kilitutilia watu wengine. Mmoja akawa anasema nyumba ya Jaffar iko njiani. Mwingine alikuwa na debe la mafuta ya taa. Nililiona, nikajifanya sikuliona. Hilo pia lijulikane.

Ukumbini tukakuta askari wamepanga mstari mbele ya lango, ngao na virungu, vijana wa watu nao wanaogopa. Kazungu alikuwa pembeni, amelowa chapa chapa. Akatuambia Bi Sheikha ametia dole gumba kwenye fomu. Amekubali matokeo.

Mtu mmoja nyuma akasema amenunuliwa. Neno hilo lilipita kundi zima, na lilipofika kwangu, Mungu anisamehe, sikulirudisha.

Lango likafunguliwa, akatoka. Peke yake, buibui limelowa pindo, tasbihi kidoleni. Askari mmoja alitaka kumzuia asije kwetu, akampita. Watu walianza kumtolea maneno ambayo siyaandiki, mwanamke aliyewafundisha wao wenyewe alifu na be kwenye baraza yake. Aliwaacha mpaka maneno yakawaisha, kisha akauliza ni nani aliyewaambia elfu moja mia moja na arubaini.

Macho yote yakanigeukia. Nikauinua ubao. Nikamwambia ni hesabu yake mwenyewe, mizunguko kumi na moja na punje arubaini, Kazungu shahidi. Kazungu akaitikia ndivyo.

Bi Sheikha akanitazama kama anavyoutazama uzi.

"Bwana Akbarali," akasema, "tasbihi yako wewe ina punje ngapi?"

Nikasema mia. Kwetu sisi Mabohora mzunguko ni mia, tangu nikiwa mtoto mzunguko ni mia, sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa na mwingine. Kazungu ni Mkristo, tasbihi hajaishika maishani. Yeye alisema mizunguko, mimi nikasikia mamia.

Akaivua yake kidoleni, akanipa mkononi. "Basi hesabu yangu. Hesabu kwa sauti, wote wasikie."

Taa ya langoni ilikuwa hafifu na mvua inaingia machoni. Nikaanza. Moja, mbili, tatu. Watu walisogea karibu mpaka nikasikia pumzi zao shingoni. Punje zilikuwa za mti, zimelainika kwa vidole, ndogo, na nilikuwa naogopa kuruka moja. Nilipofika hamsini nilikwisha kufahamu. Nilipofika themanini nilitamani zisiishe. Nilijua kwamba nikisema mia tu, neno moja, basi fomu ile ni ya wizi, mafuta yale ya taa yana kazi, na labda kwa fujo au kwa korti uchaguzi unarudiwa na makaburi yanapona. Hakuna ambaye angeichukua tasbihi ile kuhesabu tena. Nikainua macho. Bi Sheikha alikuwa ananitazama, na yeye ndiye mwenye mtoto pale chini, si mimi. Uso wake haukuniomba lolote.

Tisini na saba. Tisini na nane.

"Tisini na tisa," nikasema, na kidole changu kikagusa ile ndefu ya mwisho, ambayo haihesabiwi.

Kumi na moja mara tisini na tisa, na arubaini juu yake, pigeni wenyewe. Ni elfu moja mia moja ishirini na tisa. Hakukosea hata moja, usiku mzima, ukumbi una joto na makelele. Zile kura kumi na moja nilizisema zimeibiwa hazikuwahi kuwako. Nilizizaa mimi, kwa chokaa.

Niliwaambia hivyo. Nilisema kosa ni langu, Bi Sheikha ameweka dole lake kwenye haki. Wengine wakanitukana, nikapokea. Mwalimu Abdulhalim, aliyekuwa amesimama nyuma, akaja mbele, akamwamkia Bi Sheikha shikamoo, ingawa wanakaribiana umri, akawaambia watu warudi nyumbani. Mwenye debe alilimwaga mtaroni. Usiku ule haikuungua nyumba ya mtu.

Mimi na Kazungu tulimsindikiza. Hakwenda kwake. Alipitia pale ukuta ulipobomoka, akaingia makaburini gizani kama mtu aliyejua kila jiwe, tukasimama kando ya ukuta. Tope lilikuwa limefika kwenye vigingi. Alichutama, akaondoa majani yaliyolowa juu ya kaburi, na nikamsikia.

"Barke, mwanangu. Mamako amepungukiwa na nne."

Hapo nililia, na sioni haya kusema. Nikamwambia Bi Sheikha, ungeninyamazia. Ungeniachia niseme mia, dhambi ingekuwa yangu. Aliokota jani la mwisho, akaliweka kando.

"Tasbihi hii ndiyo niliyomfundishia kuhesabu," akasema. "Alikuwa akifika tisini na tisa anapiga makofi. Ningekuja kumwambia nini Alhamisi?"

Jaffar aliapishwa. Alimletea Bi Sheikha kikapu cha tende siku ya tatu ya Ramadhani, ashukuru nyumba yake kupona. Akakirudisha kikapu na tende zake, akamtumia salamu tu kwamba hakufanya kwa ajili yake. Baada ya Idi wajenzi wakaja. Mwalimu Abdulhalim alikwenda ofisi hii na ile na barua zake, kila ofisi ikampeleka nyingine. Ghala lilimalizika mwezi wa Agosti. Barke yuko chini ya sakafu, upande wa kushoto wa mlango. Mamake alipima kwa hatua kabla hawajamwaga saruji.

Hata sasa kila Alhamisi alasiri anapita mbele ya duka langu. Huenda kusimama nje, kwenye ukuta wa ghala, mahali alipopapima, na mimi hufunga duka nikaenda kusimama naye, Kulsumbai apige kelele asipige. Yeye ana tasbihi yake, mimi nina yangu, tunaanza pamoja. Yeye humaliza kabla yangu kwa punje moja, na hunisubiri.