Mtihani wa Hesabu kwa Saa ya Zambia

Hesabu ndiyo iliyonishinda nikiwa msichana, na Hesabu ndiyo niliyoirudia nikiwa na watoto watatu na meza ya mchele hapa Tunduma. Masomo mengine sikuyahofia. Ila chuo nilichokitaka kilishaniambia wazi: bila kufaulu Hesabu, usijisumbue kurudi.

Mwaka mzima nilisoma huku nauza. Mteja kutoka Zambia ananiita "bamayo", yaani mama kwa lugha yao, anataka nimpunguzie, mimi kichwani nina pembetatu. Nyumbani mume wangu hakunikataza, ila kila akiniona na kitabu anauliza chakula kiko wapi. Jamani! Kama vile kitabu ndicho kilichokila.

Siku moja kabla ya mtihani, wifi yangu alikuja kutoka Itaka kuniangalizia watoto. Mtu mwema kabisa, tatizo wema wake hauna breki. Jioni akanirudishia simu yangu. "Wifi, nimekuwekea alamu. Na saa nimeirekebisha, ilikuwa haiendi na mtandao." Nikamshukuru. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikamshukuru!

Asubuhi niliamka kwa raha zangu. Nikanywa chai, nikapitia fomula zangu, nikapanda bajaji. Dereva akawa anakimbiza, nikamgombeza: "Kaka, taratibu bwana, nani kakwambia nina haraka?"

Kwenye geti la shule ya mtihani, kimya. Mlinzi akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu. "Mzazi, watoto wako kwenye mtihani. Rudi saa tano."

"Mzazi gani? Mtahiniwa ni mimi! Tena nimewahi, ni saa moja na robo."

"Hiyo ni ya Zambia, mama. Huku ni saa mbili na robo. Wameshaanza."

Nikaitazama upya simu yangu. Sisi tunaokaa jirani na mpaka tunajua: simu ikiachiwa ijipangie saa yenyewe, inadaka mnara wa Zambia na kurudi nyuma saa nzima. Ndiyo maana yangu niliipanga kwa mkono. Itaka, mbali na mpaka, hawana balaa hilo, wifi angejuaje? Lakini asubuhi ile sikuwa na nafasi ya kumwelewa mtu. Nilimlaani wifi, nikalaani simu, nikajilaani mwenyewe kwa ile chai.

Msimamizi aliniruhusu niingie, ila akasema muda hauongezwi. Nikakaa na hasira tupu. Ilinijaa mpaka nikasahau kabisa kuiogopa Hesabu. Swali la kwanza likatoka. La pili likatoka. Pembetatu zile zile zilizonitesa mezani kwa mchele zikawa zinanitii, nami naandika tu, sitazami pembeni.

"Kalamu chini!"

Maswali mawili ya mwisho sikuwa hata nimeyagusa. Karatasi ikachukuliwa nikiwa bado nimeishikilia. Niliangua kilio pale pale, mwanamke mzima, mbele ya watoto wa watu.

Binti aliyekaa nyuma yangu akanishika bega. "Pole, mama. Hata sisi yale ya mwisho yametushinda."

"Hayajanishinda!" nikamfokea, maskini wa Mungu. "Nayajua! Yote mawili nayajua!"