Wino wa Kidole cha Zabroni

Enzi zetu, sisi tuliokulia Heru Juu, mtoto akijikwaa shambani, kesho yake ana mtoki kinenani na anachechemea mpaka shuleni. Mwalimu wa sayansi alitwambia hicho ni kituo cha askari wa mwili, kimevimba kwa sababu ndani wanapigana na wadudu walioingilia kidondani. Basi tukawa tunapapasana njiani kuona nani ana kituo kikubwa. Vijana wa siku hizi wakipiga chafya mbili wanachemsha tangawizi na malimau, wanapiga picha kikombe, eti wanaongeza kinga. Sisi tuliamini kinga ni ugali wa muhogo, maharage na vumbi.

Nacheka, lakini wiki nzima hii sikukalika. Nilifagia uwanja wangu hapa Kasulu mjini mara tatu kwa siku, chai ikapoa nikaisahau. Surua imeingia kijiji cha jirani na kwao Zabroni, mdogo wangu, na yeye amekataa bintiye Neema, wa miezi tisa, asichanjwe.

"Mimi nilichanjwa, dada," alinijibu kila nilipompigia simu. "Na jicho likaenda hivyo hivyo."

Hakuchanjwa. Mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Nilikuwa darasa la tatu, yeye la kwanza. Wachanjaji walikuja shuleni na kasha lao la barafu, harufu ya spiriti ikajaa darasani. Ukishachomwa unapakwa wino kidole kidogo cha mkono, na jioni mama anakagua vidole kabla hajapakua chakula. Mimi nilichomwa, nikatoka nje. Zabroni alikuwa bado kwenye foleni, anatetemeka, kaptula imelowa. Nilimwonea huruma. Wino wangu ulikuwa mbichi, nikakibana kidole chake kwenye changu, nikakisugua mpaka kikakolea, tukakimbilia nyumbani. Nilijiona mjanja kweli.

Surua ilipokuja tulikuwa tunalala godoro moja. Alikohoa shingoni kwangu, mwili unachoma kama jiko, vipele mpaka nyayoni. Mimi hata kamasi sikutoka. Nilikuja kuelewa nikiwa sekondari: chanjo ilikuwa imewaonyesha askari wangu adui aliyedhoofishwa, wakaikariri sura yake, na alipokuja mwenyewe wakamtambua mlangoni. Wa Zabroni ndiyo kwanza walikuwa wanamwona. Wakajifunza, ndiyo, na wakamshinda, ila walichelewa, na jicho la kushoto likabaki jeupe.

"Mwana wanje, mwanangu," mama alikuwa akilia, "wote wamechanjwa, mbona huyu?"

Nikanyamaza. Niliogopa fimbo kwanza, baadaye nikaogopa lile jicho. Nimenyamaza mpaka nimeota mvi.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya chanjo. Nilipanda bodaboda asubuhi, nikamkuta uani anapiga maharage kwa fimbo, Neema amekaa kwenye turubai anatafuna ganda. Sikungoja kukaribishwa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

Fimbo ilitulia mkononi mwake. Nikatamani anitukane.

"Wino ule naukumbuka," akasema mwishowe. "Nilidhani umenigawia chanjo yako."

Nililia palepale, mbele ya mtoto. Hakunibembeleza. Alikung'uta makapi kwenye suruali, akambeba Neema, akaanza kushuka kuelekea zahanati. Nikamfuata kwa nyuma, sijui kama nimeitwa au nimefukuzwa.

Siku hizi kila kitu kimekuwa rahisi. Muuguzi ni binti mdogo mwenye kucha za rangi, simu inakukumbusha tarehe ya mtoto, hakuna anayekimbilia migombani kukwepa sindano. Lakini tulivyokuwa tukitembea mimi na mdogo wangu zamani, tumeshikana mikono kutoka shule, hivyo hatutembei tena.

Neema alilia sindano ilipoingia, akapakwa wino kidole kidogo, uking'aa bado. Nikanyoosha mkono nimfute machozi. Zabroni akamgeuzia upande wa pili, taratibu, akakifunika kile kidole kwa kiganja chake.

"Usimguse kwanza, dada," akasema. "Acha ukauke."