Ramani Zilizochelewa Kufunguka

Priscilla Nasieku ndiye mchoraji ramani bora kuliko wote niliowahi kuwaona, na nasema hivyo nikijua kuna watu hapa Kitengela watakaonikasirikia. Wakasirike. Tulikaa ofisi moja, mimi mapokezi, yeye karibu na dirisha, nikawa namwona akigawa shamba la familia nzima kwenye skrini bila kumpunja mtu hata mguu mmoja wa ardhi. Wazee walipotoka Isinya kutaka mashamba yao yagawanywe, walimuulizia yeye. Bwana Ouko, mwenye leseni na mwenye ofisi, walimtafuta siku ya kutia sahihi tu.

Ofisi yenyewe ilikuwa ndogo. Kompyuta chache mezani, printa kubwa ya ramani, na kompyuta kuu chumbani kwa Ouko, ambayo ndiyo iliyohifadhi faili zote. Ukitaka kuchora, unaivuta ramani kutoka huko kwa waya, unaifanyia kazi, unairudisha. Kwa miaka mingi haikutusumbua. Halafu baada ya Pasaka ikaanza vituko. Priscilla anabonyeza faili, kiduara kinazunguka. Anaenda kumimina chai, anarudi, kiduara bado kinazunguka. Ikishafunguka, akihifadhi mstari mmoja tu, mashine inaganda upya. Kazi ya asubuhi ikawa ya siku mbili, na wateja wakaanza kununa pale kwangu mapokezi.

Ouko ni mtu wa hasira za karibu. Hakuangalia waya wala mashine, alimwangalia Priscilla.

"Wewe ndio uko na hizi mafaili siku mzima," alimwambia mbele yetu sote. "Ni nini unaweka huko? Mafilamu?"

"Hapana, boss. Ni ramani tu."

"Mwezi ikiisha kama tuko hivi, natafuta mtu mwingine."

 Wakati huo Priscilla ndiye aliyekuwa na mshahara peke yake kwao, na zaidi ya mshahara alikuwa na jina. Tayari nilishasikia mzee mmoja pale nje akisema binti wa Kakuta siku hizi amekuwa mzembe. Neno hilo likifika sokoni halirudi.

Ouko alipoingia chumbani kwake, Leshan alisogea hadi mezani kwa Priscilla. Huyu alikuwa mpimaji wetu wa nje, yule anayebeba vyombo na kutembea mashambani. "Pole, Paker," alimwambia kwa sauti ya chini. "Huyu ataelewa tu."

Mimi si Mmaasai, kwa hivyo jina hilo ilibidi nielezwe. Mwaka wa ule ukame mbaya, mama yake Leshan alibaki na boma tupu. Priscilla akampa Leshan kondoo jike kutoka zizi la baba yake, Mzee Kakuta, na mzee akabariki. Tangu siku hiyo wale wawili waliacha kuitana majina yao. Kila mmoja akawa Paker kwa mwenzake, kwa sababu ya yule kondoo. Na haikuwa utani wa kuitana tu. Paker wako akikuomba kitu kwa kuwa ana shida, unampa, na humwulizi ni cha nini. Priscilla alinieleza hayo kwa fahari, nami nikamwambia ningekuwa mimi ningeuliza. Alicheka, akasema ndiyo maana sisi wengine hatuna watu.

Ouko alipochoka kufoka, alimwita fundi. Akaja Wanyama kutoka Embulbul, mtu mtaratibu, na begi lake la waya. Kwanza alifungua ramani moja palepale kwenye kompyuta kuu. Ikafunguka mara moja.

"Faili ni mzima, na hii mashine ni mzima," alisema. "Shida iko njiani."

Akabadilisha waya wa Priscilla, wapi. Akazima ule ulinzi wa virusi kwa muda ajaribu, wapi. Mwishowe akasimama mbele ya kile kisanduku cha ukutani ambako waya zote zinakutana, akaanza kuchomoa mmoja mmoja, huku Priscilla akijaribu kufungua faili. Alichomoa wangu, kiduara kikaendelea kuzunguka. Akachomoa wa printa, vilevile. Akachomoa mmoja uliopita nyuma ya kabati, na kabla hajaushusha mkono Priscilla akasema, "Imefunguka."

"Hii inaenda wapi?" Wanyama aliuliza. Hakuna aliyejua.

Akaufuata. Waya ulipita juu ya mlango ukaingia stoo, tunakoweka karatasi na vyombo vya kupimia. Nyuma ya maboksi ya karatasi kulikuwa na laptopu kuukuu, imewashwa. Ilikuwa inanakili kila ramani ya ofisi, na ikimaliza inaanza tena kutoka mwanzo, asubuhi hadi jioni. Ndiyo iliyokuwa imejaza njia, sisi wengine tukabaki tunasubiri kiduara.

Nilifurahi. Nilidhani sasa Ouko ataomba msamaha.

"Imeingia kwa jina la nani?" Ouko aliuliza.

Wanyama akainama, akasoma. "Priscilla," akasema.

Nilimwona Priscilla akiielewa hiyo habari. Hakushtuka jinsi mtu aliyesingiziwa hushtuka. Aligeuka polepole akamtazama Leshan, aliyekuwa mlangoni akipangusa matope kwenye buti zake. Ofisini ni Priscilla pekee aliyeruhusiwa kufungua ramani zote, sisi wengine kila mtu na zake. Na neno lake la siri alikuwa amelitoa kwa mtu mmoja tu, yule aliyemwambia, "Paker, ya kwangu imefungwa, boss ataniua."

Alingoja. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba alimngojea aseme mwenyewe.

"Nani mwingine anajua password yako?" Ouko aliuliza.

"Leshan aliniomba," Priscilla akasema mwishowe. "Nikampa."

"Mimi?" Leshan akasema. "Boss, mimi niko field kila siku. Paker, pole, lakini usiniingize kwa hii maneno."

Alimwita Paker hata wakati huo. Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia Ouko kwamba jioni zote nimemwona Leshan akiingia stoo na kukawia humo. Ouko akanijibu kwamba vyombo vya kupimia vinakaa stoo, je, nilitaka avipeleke kanisani? Kisha akamgeukia Priscilla.

"Tuseme ni ukweli. Ulimpa kwa nini?"

"Aliniomba."

"Aliomba, basi ukampa? Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Ouko akacheka, kicheko kibaya. Akamwambia akusanye vitu vyake. Priscilla alipokuwa akifunga kikombe chake kwenye leso, Ouko alikuwa tayari amekaa kwenye kiti cha Priscilla karibu na dirisha akifungua ramani moja baada ya nyingine, akifurahia jinsi zinavyokuja upesi.

Haikupita muda Leshan naye akaacha kazi, na mvua fupi zilipoanza tukasikia amefungua ofisi yake Isinya. Wateja wetu wakawa wanashangaa kwamba ramani zao ziko kule tayari. Ouko alipiga meza, akatukana, akaapa kwenda mahakamani. Nilimuuliza kama atampigia Priscilla simu amwombe radhi. Akasema hayo yalishapita. Kwa mwanamume mwenye ofisi, mambo hupita haraka sana.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Priscilla mwenyewe. Kwao alikuwa amesema tu kwamba ofisi imepunguza watu. Angeanzia wapi kumweleza babake, na kondoo alitoka zizini kwake? Kwa hivyo Mzee Kakuta alipoamua kuwagawia watoto wake shamba, hakufikiria mara mbili.

"Nitatafutaje mgeni," alisema, "na Paker wako yuko hapa karibu?"

Akamtaka Priscilla waende pamoja. Akaenda. Leshan alisimama walipoingia, akainamisha kichwa mzee akambariki, akavuta viti.

"Karibu, Paker," akasema, na hata sauti haikutetemeka.

Akabonyeza, ramani ikafunguka papo hapo. Lilikuwa shamba lao. Priscilla alikuwa amelichora yeye, Kitengela, akaweka hadi ile njia ya ng'ombe ya kwenda majini ambayo mpimaji asingeijua, kwa kuwa aliipita kila siku alipokuwa mtoto. Mzee akaisogelea skrini, akaiona njia, akafurahi.

"Huyu kijana anajua kazi," akamwambia bintiye. "Na haraka hivi. Wewe ulikuwa unasema mashine ni pole pole."

Priscilla akaiacha skrini, akamtazama kijana. 

"Supa, Leshan," akamsalimu kwa Kimaasai.

Mzee Kakuta aligeuka. Katika maisha yake yote hakuwa amesikia mtu akimwita mwenzake wa kondoo kwa jina lake tu, waziwazi, mbele ya mzazi. Hakumuuliza Priscilla kitu. Alimtazama kijana aliye nyuma ya meza, kwa muda mrefu.

"Umemfanyia nini mtoto wangu?" akamuuliza.

 Leshan alishika kipanya, akaifunga ile ramani.